Mlango wa Kulia

Nilianza na bisibisi, na hapo ndipo nilipokosea.

Ilikuwa saa moja asubuhi, mwezi wa Julai, na baridi ya Moshi ilikuwa bado haijaachia. Nilikuwa nimechuchumaa ndani ya Volkswagen ya babu, nyuma ya siti ya dereva, nikichokonoa ukingo wa paneli ya ubavuni. Nilisukuma bisibisi, nikaikandamiza kama mtu anayefungua kopo la rangi, nikasikia mlio mkavu kama wa biskuti. Klipu ilikuwa imebaki kwenye bodi. Kilichong'oka ni kipande cha hadibodi ukubwa wa kiganja, pamoja na ngozi bandia yake, iliyopasuka kwa sababu ya baridi.

Gari lile lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Mimi nilikuwa nalo kwa dakika kumi.

Baba mdogo ndiye aliyenituma. Alikuwa amepata mnunuzi Arusha, mtu anayekusanya magari ya zamani, naye alikuwa na masharti mawili. La kwanza, ndani ya gari kuwe vilevile lilivyotoka kiwandani, kadiri inavyowezekana. La pili, paneli zote zifunguliwe, aone kutu iliyojificha nyuma yake. Mtu asiyejua magari ataona masharti hayo yanagombana. Unawezaje kufungua kila kitu na kukiacha kama hakijaguswa? Nilipomwonyesha fundi kipande kile, fundi mzee wa Majengo ambaye jina lake ameniomba nisiliandike, hakukasirika. Alikipokea kwa mikono miwili kama anayepokea ndege aliyekufa.

"Shikamoo, fundi," nikasema, nikiwa nimechelewa.

"Marahaba. Nani alikwambia ufungue gari asubuhi?"

Hilo likawa somo la kwanza. Ngozi bandia ya zamani hufunguliwa jua likiwa limepanda. Tulisukuma gari mpaka uwanjani, tukaacha milango wazi, tukanywa chai. Kufika saa tano, paneli zilikuwa zimepata joto na ukizibonyeza zinaitikia. "Plastiki ni kama mzee," alisema fundi. "Usimwamshe kwa kumvuta mkono."

*

Kabla sijaeleza tulichokikuta, nieleze lilikuwa gari gani.

Ni Volkswagen 1300 ya mwaka 1966, ile ya umbo la kobe, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,285 inayokaa nyuma na kupozwa kwa upepo. Kiwanda chake kilianzishwa Ujerumani enzi za Hitler, kikaharibiwa vitani, kisha kikafufuliwa chini ya usimamizi wa ofisa wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst, mjini Wolfsburg. Magari ya umbo lile yaliyotengenezwa duniani yamepita milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Huku kwetu sifa yake ilijengwa na vumbi. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na Volkswagen mwaka 1954, 1957 na 1962. Kwa hiyo mtu wa miaka ya sitini aliyekuwa akitafuta gari la kupanda Marangu wakati wa masika hakuhitaji kushawishiwa sana.

Babu alilinunua mwaka 1970 kwa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Babu alikuwa karani wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kituo cha Moshi. Kituo kile kilikuwa njia panda ya himaya mbili za zamani: Wajerumani walileta reli kutoka Tanga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wakati wa vita jeshi la Waingereza likajenga nyingine kutoka Voi kupitia Taveta mpaka Kahe, ili kuwafuata Wajerumani haohao. Ilipoundwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967, reli zote zilikuwa za mwajiri mmoja. Makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala, na ya Jumuiya yenyewe Arusha. Babu aliweza kumwandikia karani mwenzake wa Nairobi amtafutie raba ya kioo, nayo ikafika kwa treni ndani ya bahasha ya kazi.

Nasema raba ya kioo makusudi, kwa sababu habari yote ya paneli za mlango huanzia hapo.

*

Mlango wa gari la aina hii ni mfuko wa bati. Kioo kikishuka huingia ndani ya mfuko huo. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo huingia nayo, hata raba ikiwa mpya, na mtengenezaji analijua hilo. Ndiyo maana chini kabisa ya mlango aliacha matundu ya kutolea maji. Upande wa ndani, kati ya bati na paneli unayoiona ukiwa umekaa, aligandisha karatasi nzito isiyopitisha maji. Paneli yenyewe ni hadibodi tu, yaani nyuzi za mti zilizoshindiliwa, ikavishwa ngozi bandia. Ikilowa huvimba, ikikauka hukatika. Karatasi ile ikitoka na matundu yakiziba, paneli huoza kuanzia chini, na bati huifuata.

Kufungua paneli bila kuiumiza ni kazi ya mpangilio kuliko nguvu. Fundi aliniambia nipige picha kwanza, nizungushe kioo mpaka juu, kisha nitazame ule mkono wa kuzungushia umeelekea wapi, ili wakati wa kurudisha uelekee palepale. Katika magari ya miaka ile mkono huo haukufungwa kwa skrubu. Skrubu zilikuja kwenye matoleo ya baadaye. Nyuma yake kuna kisahani cha plastiki. Ukikisukuma kuelekea mlangoni, kikabonyea pamoja na springi iliyo nyuma yake, utaona kijipini chembamba kimepita katikati ya shina la mkono. Kijipini hicho husukumwa kwa msumari butu ulio mwembamba kuliko chenyewe, kwa kugongwa polepole, huku mtu wa pili akishikilia kisahani. Mkono wa kufungulia mlango una kijipini kama hicho. Asiyejua huvuta mpaka mkono ukatike, au huchokonoa mpaka kisahani kipasuke.

Halafu zinafuata skrubu za pale pa kuegemeza mkono. Baada ya hapo paneli inabaki inashikiliwa na klipu peke yake, vijisikio vya chuma vilivyopangwa pembezoni, kila kimoja kikiwa kimezama kwenye tundu lenye raba. Fundi hakutumia chuma. Alitumia mwiko mwembamba wa mti, umechongwa na kupigwa msasa mpaka ukalainika. Aliupitisha chini ya ukingo, akautelezesha mpaka ukagusa klipu, akausogeza ukawa chini ya klipu yenyewe, ndipo akainua. Tiki. Akahamia ya pili. Tiki.

"Wewe ulinyanyua wapi?" aliniuliza.

"Katikati ya klipu mbili."

"Ndipo penye ubao mtupu. Ubao haujui kujitetea. Nyanyua palipofungwa, siyo palipo wazi."

*

Tulianza na mlango wa kushoto, wa abiria, kwa sababu ulikuwa umeshaharibika. Kila mtu katika ukoo wetu anajua ulivyoharibika.

Mwaka 1983, kama inavyosimuliwa, babu alisimamishwa kwenye kizuizi kimoja kati ya Holili na Moshi. Watu wa kizuizini walitafuta bidhaa za magendo. Walipekua chini ya siti, wakapekua buti, kisha mmoja wao akaingiza kisu kwenye kona ya paneli ya kushoto akaivuta. Hawakukuta kitu. Babu alikwenda kwa fundi wa viti, kona ikashonwa kwa uzi mweusi, na mshono ule ukawa nishani ya familia. Baba mdogo aliutaja hata msibani, kanisa likiwa limejaa: walipasua gari lake wakatafuta, hawakuona doa.

Ili uelewe uzito wa maneno hayo, lazima urudi nyuma miaka sita. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Jumuiya ilikuwa imeshachakaa. Tangu Idi Amin atwae madaraka Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja, na mashirika ya pamoja yaligombania fedha mpaka ndege za shirika la Afrika Mashariki zikakaa chini. Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kesho yake TANU na ASP ziliungana ikazaliwa CCM, na magazeti yakawa na habari kubwa mbili kwa wakati mmoja. Kwa babu ya kwanza ndiyo iliyogusa meza yake. Treni ya kutoka Voi haikuja. Karani mwenzake wa Nairobi akawa mtu wa nchi nyingine. Raba za vioo zikawa hazipatikani, na baada ya muda mfupi mambo yaliyokuwa hayapatikani yakazidi raba.

Mwishoni mwa 1978 jeshi la Amin lilivamia Kagera. Vita vilikula fedha za kigeni, bei ya mafuta ikapanda mwaka uliofuata, na viwanda vikakosa malighafi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vilikuwa vitu vya kupanga foleni kwa siku nzima na kurudi mikono mitupu. Bibi anasema walifulia majani ya mpapai. Na upande wa pili wa mpaka, mwendo wa saa chache kwa miguu, maduka ya Taveta yalikuwa na sabuni. Mpaka ulikuwa umefungwa kwenye ramani. Kwenye migomba ulikuwa na njia za panya nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu.

Machi 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, ukisimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Ikatungwa sheria maalumu, na mahakama maalumu. Watu walitupa mali zao barabarani na mitaroni usiku ili asubuhi zisikutwe ndani. Jirani yetu wa pili, ng'ambo ya mfereji, alikamatwa na katoni za sabuni. Alikaa ndani miezi mingi. Aliporudi, jina lilikuwa limemganda, na likaganda kwa watoto wake. Nimekua nikisikia nyumba ile ikiitwa "kwa wale wa magendo". Binamu yangu alipotaka kuoa pale, vikao viwili vilikaa. Sisi tulikuwa na mshono mweusi. Wao walikuwa na kifungo.

Nyuma ya paneli ya kushoto tulikuta tulichotarajia. Karatasi ya kiwandani ilikuwa bado imeganda kwa gundi nyeusi, isipokuwa kwenye kona ambako kisu kilipita. Chini kulikuwa na kutu kidogo, matundu yako wazi. Fundi aliilaza paneli kifudifudi juu ya gunia safi, akapaka gundi ya mbao penye matundu ya klipu yaliyolegea, na akaniambia nisiguse mshono.

"Huu usiubadilishe. Mnunuzi akiuliza, mwambie hadithi."

*

Mlango wa kulia ulikuwa mzuri. Ngozi haikuwa na mkwaruzo, visahani havikuwa na ufa, klipu zote zilikuwa mahali pake. Nilimwambia fundi kwamba huu labda haujawahi kufunguliwa tangu Ujerumani.

Alisukuma kisahani, akachungulia, akanyamaza. Akaniita nitazame. Badala ya kijipini cha kiwandani kulikuwa na msumari uliokatwa, umesuguliwa ncha zote mbili, una mafuta ya grisi. Haukuhitaji kugongwa. Aliusukuma kwa kijiti cha kiberiti ukatoka.

"Huu umefunguliwa," alisema. "Na siyo mara moja."

Paneli iliachia kana kwamba ilikuwa inatusubiri. Hakuna tiki iliyosikika, kwa sababu raba za matundu zilikuwa zimetolewa na mahali pake pamewekwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, laini, visivyo na sauti. Matundu ya klipu kwenye hadibodi yalikuwa yamezungushiwa bati jembamba la kopo ili yasichanike kwa kufunguliwa mara kwa mara. Na ile karatasi ya gundi nyeusi haikuwepo. Palikuwa na plastiki ya mfuko wa mbolea, imeshikizwa juu peke yake, chini imeachwa huru. Ukiinyanyua inanyanyuka kama pazia.

Fundi alikaa chini kabisa. Kwa miaka arobaini, alisema, amefungua milango ya magari ambayo mafundi wenzake waliifungua kabla yake, na kila mmoja alikuta ameacha jeraha. "Aliyekuwa anafungua hapa alikuwa hataki mtu yeyote ajue."

Chini ya mfuko wa bati, palipo na matundu ya maji, kulikuwa na tope gumu la rangi ya majivu, limejaa upana wa mlango mzima na kuziba matundu yote. Bati chini yake lilikuwa limeoza. Fundi alikwangua kipande, akakilowesha mate, akakisugua kati ya vidole. Akaninyooshea mkono. Kulikuwa na povu.

Ndani ya tope kulikuwa na kipande cha gazeti, kimelowana na kukauka mara nyingi mpaka kikawa sehemu ya sabuni. Maandishi yalikuwa ya Kiswahili, tangazo la duka fulani. Neno moja tu ndilo lililosomeka vizuri: Nairobi.

Kulikuwa na jambo moja kuhusu babu ambalo sisi wajukuu tuliigiza kila Krismasi. Babu hakuwahi kushusha kioo. Akikutana na mtu njiani, hata kama ni mtoto, alisimamisha gari, akafungua mlango, akashuka, akavua kofia, ndipo akasalimu. Kizuizini alifanya vilevile. Baba mdogo alitufundisha kwamba hiyo ndiyo heshima ya watu wa zamani. Bibi alisema ni kwa sababu hapendi upepo wa kifua. Nikiwa nimepiga magoti mbele ya mlango ule ulio wazi, nilinyanyua plastiki na kupima kwa mkono urefu wa kioo na kina cha mfuko. Mlango ukiwa na miche ya sabuni umepangwa chini, kioo hakiwezi kushuka zaidi ya nusu. Atakayekijaribu atajua.

*

Nilimkuta bibi barazani akichambua maharage. Nilimwamkia, nikakaa kwenye ngazi, nikaweka kile kipande cha majivu kwenye ungo, pembeni ya maharage. Alikitazama muda mrefu. Hakuuliza ni nini.

"Mume wangu," alisema, kama anavyoniita siku zote, "umekwenda kuchokoza wapi?"

"Mlango wa kulia, bibi."

Aliendelea kuchambua. Nilimwambia kuhusu mshono mweusi, kuhusu maneno ya msibani. Akaniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwenyewe zamani, mimi niliyesoma historia chuo kikuu na kufundishwa kwamba kila ushahidi una msemaji wake.

"Ile hadithi ya kisu, umewahi kumsikia babu yako akiisimulia?"

Nilifikiri. Niliisikia kwa baba mdogo. Niliisikia kwa shangazi, kwa mama, kwa mchungaji. Kwa babu, hapana. Ilipoanza kusimuliwa yeye alitoka nje kutazama ng'ombe.

Mengine aliyasema kidogo kidogo, na nitaandika yale aliyoruhusu. Sabuni haikuwa ya babu peke yake. Jirani wa ng'ambo ya mfereji ndiye aliyejua njia za panya. Alivuka usiku na kuleta mzigo mpaka upande wetu, na babu aliuchukua kwa gari sehemu iliyoenea mlangoni. Iliyobaki jirani aliibeba mwenyewe kwa baiskeli. Nyingine waliuza, nyingine waliogea. Wiki ile ya kisu jirani alikamatwa na fungu lake, katoni zikiwa wazi kwenye keria. Aliulizwa mwenzake ni nani. Alisema yuko peke yake.

"Na babu?"

"Babu yako alilipa karo ya watoto wake mpaka yule wa mwisho. Alidhani inatosha." Alipuliza maganda kwenye ungo. "Jirani hakuwahi kutudai neno. Ila yeye alikuwa anapita hapa kwenda kanisani, sisi tukiwa tumekaa mbele."

Mpaka ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1983, mwaka uleule, viongozi wa nchi tatu walipokutana Arusha. Mei 1984 walitia saini mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya, baada ya miaka ya usuluhishi wa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, aliyehesabu mabehewa, ndege na majengo mpaka yakaisha. Mwaka huohuo bajeti ya serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walizitoa wapi. Sabuni ikarudi madukani. Jambo lililokuwa hujuma Aprili 1983 lilikuwa biashara miezi kumi na nane baadaye. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu mgawanyo ule wa mali. Sijasoma popote ulivyogawanywa ubaya, nani alipewa nusu ipi aende nayo nyumbani.

*

Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kumwambia baba mdogo. Kumbe ngumu zaidi ilikuwa kukwangua.

Ushahidi wote wa mambo niliyoandika hapa ulikuwa umeziba matundu ya kutolea maji. Kuuacha ni kuuacha mlango uoze. Kuutoa ni kuufuta. Nilimuuliza fundi kama hakuna njia ya katikati, naye akanitazama kama mtu anayeulizwa kama maji yanaweza kupanda. Tulilowesha tope kwa maji ya moto, tukalitoa kwa kijiko cha mti, tukasugua kutu, tukapaka rangi ya kuzuia kutu na kuacha ikauke siku mbili. Kipande kimoja chenye neno Nairobi nilikiweka kwenye kopo la maziwa.

Wakati wa kurudisha, fundi alitaka kuweka kijipini halisi, anazo akiba kwenye kibati. Nilimwomba arudishe ule msumari. Raba za baiskeli tulizibadilisha, kwa sababu zilikuwa zimekauka, lakini bati za kopo kwenye matundu ya klipu tuliziacha. Fundi alizisifu tena. Alisema hata yeye hakuwahi kufikiria njia ile.

Nikiitazama milango ile miwili ikiwa imefungwa, niliona jinsi tulivyodanganywa na macho yetu. Wa kushoto, ulioshonwa, tuliusoma kama historia, kwa sababu jeraha huonekana. Wa kulia tuliuona hauna habari kwa sababu ulikuwa mzima. Watu wa kizuizini walifanya kosa hilohilo. Walifungua kwa kisu mlango usio na kitu, wakaacha kushuku mlango uliokuwa umefunguliwa kwa ustadi. Na mimi nilikuja na bisibisi.

Baba mdogo alinisikiliza simuni mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama mnunuzi anajua. Nikasema hapana. Akasema afadhali. Baada ya kimya akaniuliza kama yule mama, mjane wa jirani, bado yuko hai. Nikamwambia yuko hai, na anakuja kwa bibi kila Jumamosi, na sote tulikuwa tukidhani anakuja kuomba maziwa.

Jumamosi hiyo walikuwa wamekaa barazani wote wawili nilipoleta gari mbele ya nyumba kulijaribu. Bibi aliinuka, akamshika mwenzake mkono, wakaja mpaka dirishani mwa dereva. Nilishika mkasi wa tabia, nikataka kufungua mlango nishuke niwasalimu, kama tulivyofundishwa.

"Kaa hukohuko," bibi alisema. "Shusha kioo."

Nikazungusha. Kilishuka chote, mpaka mwisho.